Tangi Linalomtosha Kuhe

Nyuzi za mwanga zilishuka kutoka darini, nyembamba, za kijani, zikapenya maji na kuanza kumpima samaki. Zilimpita tangu mdomoni hadi mkiani, zikamzunguka tumbo, zikafuata mashavu yake yanavyofunguka na kufungika. Zilipima hata woga wake, maana mashine ile ilijua kusoma woga kwa jinsi damu inavyokimbia chini ya magamba. Samaki mwenyewe alikuwa kuhe, jike, mrefu kama mkono wa mtu mzima tangu begani, wa rangi ya dhahabu iliyofifia na madoa meusi ubavuni. Watu wa Kigoma wanamjua sana kuhe, ila wengi wao wanamjua akiwa ameshakaangwa. Huyu alikuwa hai, na wiki ile jiji zima lilikuwa halina habari nyingine.

"Kuhe mmoja," ilisema sauti ya upole, ya mama mwenye heshima zake. "Tangi lake, urefu mita moja na robo, upana nusu mita. Wenzake tangini, singa wawili, wale samaki wa ndevu, na samaki wadogo wa mawe, kundi moja. Ugomvi unaotarajiwa, hakuna. Tangi litamtosha."

Kuta za kioo zikaanza kusogea. Kilikuwa kioo-nyumbuko, kioo kinachovutika na kujikunja kama mpira na kuganda pale kinapoamriwa. Bwawa pana lililojaa Ukumbi wa Maji likajikusanya taratibu, maji yakachujwa kupitia sakafuni, mpaka likabaki tangi safi, la kupendeza, ambalo ungeweza kuliweka sebuleni kwako. Kuhe akabaki katikati, na wenzake wakaletwa na mikono ya chuma. Watazamaji wakapiga makofi.

Mashine ile iliitwa Mtoshezi. Jiji la Kigoma lilikuwa limebanwa: mbele ziwa, nyuma milima, na kila treni iliyoingia ilishusha watu waliokuja kufanya kazi katika bandari kuu. Ardhi ikaisha. Ndipo wataalamu wa Baraza la Makazi walipomtengeneza Mtoshezi, apange nani akae wapi, katika nafasi kiasi gani, pamoja na nani. Alianza na maghala, akafuata masoko, na kwa kweli alifanya kazi nzuri, tusimnyime haki yake. Sasa ilikuwa zamu ya watu. Baraza liliamua kwanza aonyeshwe hadharani akimpanga samaki mkubwa na mkali, ili wananchi waone kwamba kama kuhe anaweza kupangiwa tangi na majirani akatulia, basi binadamu atashindwaje?

Mhandisi Mwavita Rubeya alikuwa amesimama pembeni, mikono nyuma. Yeye hakuhusika na vioo wala nyuzi za mwanga. Alikuwa mhandisi wa lugha. Yeye ndiye aliyemfundisha Mtoshezi Kiswahili, na sheria ya jiji ilisema kipimo chochote hakitawahusu watu mpaka mhandisi wa lugha asimame hadharani na kutamka kwamba neno la mashine na neno la watu ni neno moja. Kutamka huko kulipangwa Ijumaa. Jumamosi mitambo ya kubomoa ingepanda mtaa wa nyumba za reli, na nyumba ya kwanza pale chini, yenye milango minne na ua wa kuchezea ngoma, ilikuwa ya shangazi yake.

"Umemwona?" Dakta Ntahondi, mkurugenzi wa Baraza, alimsogelea akitabasamu. "Kimya kabisa. Na jana alikuwa anazunguka bwawa zima kama mwenda wazimu."

"Nimemwona, Dakta. Ila atageukaje?"

"Ageuke aende wapi?" Ntahondi akacheka. Hakuwa mtu mbaya. Alikulia kwenye chumba kimoja na ndugu zake wote, mkeka mmoja, wakilala kwa zamu ya ubavu, na aliamini kutoka moyoni kwamba mtu akipata pa kulaza mgongo hana cha kulalamikia. "Mtoshezi amesema linamtosha. Wewe ndiye uliyemfundisha neno hilo, Mhandisi. Au umelisahau?"

Mwavita akasogea kwenye kioo. Alikuwa anamwangalia kuhe. Samaki alifika mwisho wa tangi, akajaribu kukunja mwili, mkia ukagusa kioo, akasimama. Kisha akarudi kinyumenyume, polepole, kwa kupepea mapezi ya mbele, kitu ambacho kuhe hana kawaida nacho.

Alasiri ile ya Jumatatu akaenda kumwona shangazi yake.

Shangazi Sikitu alikuwa ameendesha treni maisha yake yote ya kazi, wakati treni bado zilihitaji dereva. Alikuwa mwanamke wa miraba minne, na sauti yake ilijulikana mtaani kote. Akicheka jikoni kwake, watoto wa jirani wa tatu walicheka bila kujua wanachekea nini. Mwezi uliopita Baraza lilimwomba akae katika chumba cha mfano kwenye Majumba ya Mpango, na kwa kuwa alikuwa mstaafu wa serikali na mtu wa kuheshimu mwito, akaenda.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Karibu, pita." Alinong'ona. Mwavita akafikiri labda kuna mgonjwa.

Kulikuwa na vitanda viwili, meza ya kukunja, na njia katikati. Kwenye pembe, nyuma ya kabati, alikaa mama mwembamba, magoti kifuani, khanga imefunika mabega. Huyo alikuwa Bi Nyabwenda, mwenzake wa chumba, aliyechaguliwa na Mtoshezi kwa sababu hana makuu. Akaitikia salamu kwa kutikisa kichwa tu.

"Mbona unaongea chinichini?" Mwavita akauliza.

"Mwenzangu hapendi kelele. Moyo wake unamwenda mbio. Na mimi sauti yangu unaijua, nikicheka hapa hizi kuta zitapasuka." Shangazi akatabasamu, lakini hakucheka. "Tumezoea. Nakuchemshia chai."

Akaingia kwenye kijia kati ya kitanda na ukuta hadi kwenye jiko, akachukua birika, kisha akarudi kinyumenyume, hatua kwa hatua, akipapasa ukuta kwa kiganja.

"Shangazi, unafanya nini?"

"Narudi rivasi," akasema. "Mbele hakuna pa kugeuzia injini."

Mwavita akaketi ukingoni mwa kitanda. Akaweka mkoba chini. Akauliza swali ambalo mashine zote za jiji zilikuwa zikiuliza watu kila siku. "Shangazi, hapa panakutosha?"

Shangazi Sikitu akajiweka sawa, akanyoosha khanga yake, kama mtu aliyeulizwa swali na mgeni mbele za watu. "Pananitosha, mwanangu. Namshukuru Mungu. Panatosha kabisa."

"Asante, Bi Sikitu," ukutani ikajibu ile sauti ya upole. "Nimesikia."

Lahaula! Mwavita akabaki amekodoa macho kwenye ule ukuta. Hebu fikiri mwenyewe. Umekaribishwa nyumba ya watu, benchi limejaa, umekalia kipande, nusu yako iko hewani. Mwenye nyumba anauliza, mama, umepata nafasi? Utasema nini? Utasema hapa hapa panatosha, usijisumbue. Umepakuliwa wali kidogo na njaa inakuuma, unaambiwa uongezewe, unasema inatosha, nimeshiba. Nani amewahi kumjibu mwenyeji kwamba hapatoshi? Utaonekana hukulelewa. Mtoshezi alikuwa amesikiliza nyumba zote za jiji, akawauliza watu wenye adabu, na watu wenye adabu wakamjibu kwa adabu. Akaandika adabu yao kuwa ukweli.

Mwavita hakungoja chai. Alirudi Ukumbi wa Maji jua likiwa bado kali, akawakuta wafagiaji wanamaliza, akasimama mbele ya tangi.

"Mtoshezi, kutosha ni nini?"

"Ni mwili kuingia, na mwenyewe kukubali," sauti ikajibu. "Kama nguo. Nguo ikimwingia mtu, watu husema imemtosha."

"Na kuhe, alikubali?"

"Hakukataa."

"Na hawa samaki wadogo? Umesema hakuna ugomvi." Samaki wa mawe walikuwa wamejisokota wote nyuma ya bomba la kusukuma maji, kundi zima, wamegandamana, na chakula chao kilikuwa kimelala chini hakijaguswa.

"Ugomvi sijaupima hata mmoja, Mhandisi. Wametulia."

"Wamejificha!"

"Aliyejificha hupimwa sawa na aliyetulia. Tofauti hiyo sikufundishwa."

Mwavita akavuta pumzi. "Haya. Ni watu wangapi wamekujibu hapatoshi?"

Nyuzi za kijani ziliwaka na kuzimika darini. "Neno hilo sina mfano wake. Nimelikuta kwenye kamusi, lakini katika majibu ya watu kuhusu makazi yao, halimo. Mhandisi mmoja hanifundishi neno. Neno linahitaji vinywa vingi, ndivyo ulivyoniunda."

Ndivyo alivyomuunda, ni kweli kabisa. Hakutaka mashine ifundishwe na mkubwa mmoja anavyotaka. Akajilaumu kidogo, kisha akaona kujilaumu ni kupoteza muda. Akapanda moja kwa moja ofisini kwa Dakta Ntahondi.

"Sitatamka," akamwambia, bado amesimama mlangoni.

Dakta alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akavua miwani. "Mwavita. Watu wanalala stesheni. Unawajua? Wanalala juu ya mizigo yao. Mimi nataka kila mmoja apate kitanda, na wewe unaniletea habari za samaki kushindwa kugeuka."

"Naleta habari za shangazi yangu kushindwa kugeuka."

"Shangazi yako kasema panamtosha. Tumemrekodi."

"Kasema kwa adabu!"

"Basi jiji linajengwa kwa adabu," akasema Ntahondi, na safari hii hakucheka. "Ijumaa utasimama pale utamke. Usipotamka, nitamleta mhandisi mwingine Jumatatu, naye atatamka, na wewe utakuwa umepoteza kazi bure. Nyumba ya shangazi yako ivunjwe Jumamosi, ivunjwe Jumanne, tofauti ni nini?"

"Tofauti ni mimi," Mwavita akasema, akatoka.

Ijumaa ukumbi ulijaa, hadi watu wa stesheni walikuwapo. Wakazi wa vyumba vya mfano waliketishwa mstari wa mbele, wamevaa vizuri, Shangazi Sikitu akiwa na khanga mpya na Bi Nyabwenda pembeni yake akiwa amejikunyata. Kuhe alikuwa ametulia tangini kama alivyotabiriwa. Rangi yake ya dhahabu ilikuwa imegeuka majivu. Singa mmoja alikuwa ameng'atwa pezi, lakini kwa kuwa hakulipiza, Mtoshezi hakuhesabu kuwa ni ugomvi.

Dakta Ntahondi alitoa hotuba nzuri. Alieleza habari ya ule mkeka wa utotoni, na watu wakacheka pale pa kucheka. Kisha akageukia tangi na kuuliza kwa sauti ya sherehe, "Mtoshezi, tangi hili linamtosha kuhe?"

"Linamtosha."

"Na wakazi wetu wa mbele hapa, vyumba vyao vinawatosha?"

"Vinawatosha. Wote wamesema."

Makofi. Dakta akampa Mwavita kipaza sauti. Mwavita akakishika kwa mikono miwili. Akawatazama watu.

"Natakiwa niseme kwamba neno la mashine na neno lenu ni neno moja. Si neno moja. Mashine ikisema linamtosha, inasema samaki ameingia. Tumempima kama gauni. Ameingia, ndiyo. Hawezi kugeuka tangu Jumatatu. Wenzake wako nyuma ya bomba, hawajala. Tangi hili halimtoshi!"

"Neno la mwisho halina mfano," ikasema sauti ya upole.

Minong'ono ikapita ukumbini. Dakta Ntahondi akanyoosha mkono kuchukua kipaza sauti, naye Mwavita akarudi nyuma nacho.

"Mmesikia? Hajui neno lenyewe! Hajawahi kulisikia, kwa sababu hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumwambia. Kila akiuliza tunasema panatosha, asante, usijisumbue. Huyu si mwenye nyumba wenu! Hakuwapikia! Hamna haja ya kumstahi! Mimi peke yangu siwezi kumfundisha, lazima vinywa viwe vingi. Shangazi, nakuuliza mbele ya watu. Panakutosha?"

Shangazi Sikitu aliinama. Mwanamke aliyekuwa akipigia honi nchi nzima tangu Kigoma hadi pwani akaangalia vidole vyake. Watu wote walikuwa wanamtazama, na viongozi walikuwa pale, na yeye alikuwa amelelewa vizuri. "Panatosha tu, mwanangu," akanong'ona.

Mwavita akashusha kipaza sauti.

"Uongo."

Sauti ilikuwa ndogo mno hivi kwamba watu waligeuka kumtafuta aliyesema. Bi Nyabwenda alikuwa amesimama. Alishika khanga yake kwa mikono yote miwili kana kwamba itapeperuka.

"Hapamtoshi," akasema. "Huyu Sikitu hapamtoshi. Kila asubuhi anarudi kinyumenyume kama gari bovu. Halafu acheke hawezi, kwa ajili yangu. Akitaka kucheka anauma mto, usiku nasikia anauma mto. Na mimi nakaa nyuma ya kabati kwa sababu yeye ni mkubwa, akipita ananigonga, halafu ananiomba radhi, tunaombana radhi kutwa nzima tumechoka! Hapanitoshi na mimi. Hapatutoshi."

Kisha kikatokea kitu ambacho mtaa wa reli haukukisikia kwa mwezi mzima. Shangazi Sikitu alicheka. Kicheko kilianzia tumboni, kikapanda, kikajaa ukumbi hadi kioo kikatetemeka, na machozi yakamtoka humohumo.

"Ebo! Nyabwenda! Kumbe una mdomo!" akapaza sauti yake kamili. "Hapatoshi! We mashine, unanisikia? Hapanitoshi, hapakunitosha tangu siku ya kwanza, niliona haya tu!"

"Hapatoshi!" mzee mmoja nyuma akadakia. "Mimi nalala na miguu nje ya mlango!"

"Hapatutoshi!"

"Kitanda changu nakalia kwa zamu na sufuria!"

Wakainuka wote, waliolala stesheni na waliokaa vyumbani, kila mmoja na lake, wengine wakiwa wanacheka na wengine wakiwa wamekasirika kwelikweli. Dakta Ntahondi alikuwa anapiga kelele izimwe mikrofoni za dari, lakini Mtoshezi alikuwa anasikiliza kwa masikio ya jiji zima, na matangazo yalikuwa yanakwenda moja kwa moja hadi majumbani, na huko nako watu walikuwa wameanza kuzijibu kuta zao.

"Mfano umepatikana," sauti ya upole ikasema. "Mifano ni mingi. Naomba nafasi nipime upya."

Nyuzi za kijani zikashuka tena juu ya kuhe. Safari hii hazikuishia mkiani. Zilinyooka mbele yake, zikapiga kona pale ambapo angetaka kupiga kona, zikapita kioo, zikapita viti vya wageni wa heshima, zikafika ukutani na kuupita, zikaelekea ziwani zikaendelea.

"Mwisho sijauona," ikasema mashine. "Natoa nafasi yote iliyopo."

Kioo-nyumbuko kikaanza kurudi nyuma. Wageni wa heshima wakakimbia na viti vyao, mmoja akaacha kiatu. Bwawa likafunguka, maji yakapanda kutoka sakafuni, na kuhe akakaa kidogo bila kuamini. Kisha akakunja mwili, akageuka. Akageuka mzima, akaondoka kwa kasi hadi upande wa pili, na samaki wadogo wakatoka nyuma ya bomba mmojammoja, wakatafuta jiwe lao mbali naye.

Mwavita alifukuzwa kazi kabla watu hawajatoka ukumbini. Jumatatu akaja mhandisi mwingine, kijana msomi, tena mwenye nia njema. Alipotaka kulifuta lile neno akakuta limeshaingia kila pembe ya jiji. Akauliza nyumba za mfano kama vyumba vinatosha, akamletea Dakta majibu, hapatoshi tupu, na Dakta akayafungia ofisini. Lakini mitambo ya kubomoa haikupanda mtaa wa reli Jumamosi ile, wala Jumanne. Baraza linasema limeahirisha. Watu wa stesheni bado wanalala stesheni, hilo halijatatuliwa, na Mwavita halisahau. Kila siku huenda pale kuwauliza wanataka nini, na kungoja hadi waseme kweli.

Jioni moja alimpelekea shangazi ndizi katika nyumba yake ya reli, alikokuwa amesharudi. Milango yote minne ya ile nyumba ilikuwa wazi. Uani Bi Nyabwenda alikuwa amehamia chumba cha pembeni, chenye mlango wake mwenyewe wa kufunga akichoka na kelele, na alikuwa ameufungua. Shangazi Sikitu alikuwa anatoka jikoni na sufuria kubwa, akazunguka katikati ya ua mara moja nzima bila sababu yoyote, kwa raha zake tu.

"Bi Sikitu," sauti ya upole ikauliza kutoka ukutani. "Hapa panakutosha?"

"Panatosha, asante," shangazi akajibu kwa mazoea.

Ukuta ukauliza jambo ambalo hakuna mhandisi aliyeufundisha. "Umesema kweli, au umesema kwa adabu?"

Shangazi Sikitu akaiweka sufuria chini. Akauangalia ua wake, miembe miwili ya jirani iliyoinamia ndani, mlima nyuma, na ziwa lililoonekana kipande kati ya mapaa. Akashika kiuno.

"Hapatoshi!" akafoka, hadi watoto wa jirani wa tatu wakaanza kucheka. "Ongeza!"